Mlango Unaosukumwa kwa Goti

Msinifundishe mimi habari za wizi wa magari. Miaka kumi na moja nimekaa dawati lile lile la kampuni ya bima, napokea madai ya watu walioibiwa. Wanakuja na nyuso zimewashuka, wanalia. Wengine wanalia kweli. Wengine hawajakaa kitini nimeshajua kwamba gari wamelificha kwa shemeji, na ninawaacha waendelee kulia mpaka wachoke wenyewe.

Watu wanadhani mwizi anatamani lile gari jeusi refu la mkurugenzi. Hana haja nalo. Likipita tu mtaani kila mtu anageuza shingo, na taa yake ukiiba utamuuzia nani? Mwizi anataka gari la mwalimu, la muuguzi, la baba mwenye watoto watatu. Jeupe, la miaka kumi au kumi na miwili, lile ambalo ukisimama kwenye foleni unayahesabu manne kabla taa hazijawaka kijani. Kwa sababu yako mengi, yanayoharibika nayo ni mengi, na kila kipande kina mteja kabla hakijafunguliwa: taa, milango, vioo vya pembeni, bampa, redio. Siku mbili tu limebaki ganda. Na likiwa bado zima barabarani, hakuna anayelitazama mara mbili. Pikapu nazo wanazipenda, maana pikapu yenye mzigo hakuna anayeiuliza inakwenda wapi.

Hotuba hiyo nimeitoa kwenye semina, nimeitoa kwenye harusi za watu, na nyumbani nimeitoa mpaka wakaikariri. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa ananiigiza mezani, kidole juu, sauti ya pua kama yangu. "Hakuna anayelitazama mara mbili, ndugu zangu." Mama anacheka mpaka anashika ubavu. Sisi tunamwita mdogo wangu Profesa, kwa sababu ameanza vyuo vitatu na hajamaliza hata kimoja. Ana miaka thelathini na mbili. Kila biashara aliyoigusa ilimfia mikononi, lakini akiingia sebuleni uso wa mama unakunjuka, na kwa hilo peke yake nilikuwa namsamehe mengi.

Gari letu lilikuwa la aina hiyo hiyo ninayoihubiri. Jeupe, refu nyuma, alituachia marehemu baba. Siku moja baba alirudi nyuma mlango wa dereva ukiwa wazi, akagonga nguzo ya geti, na tangu siku hiyo bawaba haikukaa sawa. Mafundi watatu walinyoosha mikono. Ukitaka kuufunga ukiwa nje, unaunyanyua kwa mkono, halafu unausukuma kwa goti, chini kidogo ya kitasa. Ukiubamiza unarudi. Tuliuzoea hivyo, mimi, mama na Profesa, mpaka hata kwenye magari ya watu tunatanguliza goti na wenyewe wanatushangaa.

Kazi kubwa ya gari hilo ilikuwa moja: kumpeleka mama kusafishwa figo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Asubuhi namfikisha hospitali, naliegesha ng'ambo ya geti, natembea mitaa miwili hadi ofisini. Profesa anabaki na mama saa zote nne za mashine, maana hana kazi ya kumwita, na hilo nalo nilikuwa namhesabia wema. Mchana narudi kuwachukua.

Jumatano ile nilirudi mchana nikakuta nafasi tupu, na doa la oili tunalolijua. Nilitembea mtaa mzima kwenda na kurudi kama mtu aliyesahau alikoegesha, nikijua vizuri kwamba sijasahau. Nilipowafuata ndani, Profesa alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye sakafu ya korido. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa bendeji mkononi. Hakuuliza kitu.

"Tafuta gari la kukodi, mwanangu," alisema. "Nimechoka."

Nikasema moyoni, ni ugonjwa, hana nguvu hata ya kusikitika.

Gari lilikuwa na bima ya kampuni yetu, na kampuni inataka funguo zote za gari zikabidhiwe. Zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa mkobani mwangu. Wa pili unakaa kwenye kipochi cha dawa za mama, kwa dharura. Mama alifungua zipu, akaupapasa chini ya vidonge, akanipa. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba funguo zote zipo, sisi hatujazembea. Dai safi kuliko yote niliyowahi kuyaona, nilijisifu hivyo.

Wiki tatu zilizofuata ndizo zilizonitoa machozi. Mama akitoka kwenye mashine miguu haina nguvu, na magari ya kukodi mengine yameinuka juu, inabidi tumnyanyue mimi na Profesa. Kuna dereva alimwona akitapika kwenye mfuko akasimamisha gari akataka tushuke. Profesa alimbembeleza dereva yule kwa maneno matamu mpaka akakubali. Nilimtazama mdogo wangu siku hiyo nikajiambia, angalau ninaye huyu.

Kwa kuwa dai lilikuwa langu mwenyewe, sikuruhusiwa kulishika; faili alipewa mpelelezi wetu, mzee mpole tunayemwita Miwani, kwa sababu miwani yake inashinda kwenye paji la uso na yeye anashinda akiitafuta. Jumanne alasiri aliniita.

"Kaa, dada. Nimempata shahidi. Yule fundi viatu wa mbele ya hospitali."

Akaishusha miwani, akasoma taratibu. Saa nne asubuhi alikuja kijana amevaa kofia. Alifungua mlango kwa ufunguo, hana haraka. Akaweka mfuko kwenye kiti, akaufunga mlango, akazunguka kutazama matairi ya nyuma, kisha akaingia na kuondoka. Fundi hakushtuka, alimwona kama mwenye gari.

"Kuna kitu kimoja hapa," Miwani akasema. "Fundi viatu anasema yule kijana alipofunga mlango, aliunyanyua kwanza, halafu akausukuma kwa goti. Ananiambia, mimi kazi yangu ni kutazama miguu ya watu, goti lile nililiona."

 Niliweka mikono chini ya meza.

"Mlango wa gari lenu ulikuwa na hitilafu?"

Mimi swali hilo nalijua. Ningekuwa mimi upande wa pili wa meza, ningeuliza hivyo hivyo, na jibu likiwa ndiyo, ningemtafuta mwizi ndani ya nyumba ya mlalamikaji.

"Hapana," nilisema. "Ulikuwa mzima."

Miaka kumi na moja nawakamata watu kwa uongo, na wa kwangu ulitoka bila hata kikohozi. Miwani aliandika. Akasema atayachapa maelezo, Ijumaa nije nitie sahihi.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwenye duka la spea ambako Profesa alituambia amepata kazi ya kuuza, wiki mbili zilizopita. Mama alikuwa amefurahi sana kwa kazi hiyo. Ni chumba kimoja chembamba, vioo na taa zimening'inia mpaka darini. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya kaunta anakunywa soda. Na nyuma yake, umeegemezwa ukutani, mlango mweupe wa dereva, bawaba ya juu imepinda.

Hakukimbia. Alifuata macho yangu mpaka kwenye mlango.

"Huo hakuna anayeutaka," alisema kwa sauti ya chini. "Vingine vyote vimekwisha."

"Duka ni la nani?"

Akaisogeza soda pembeni.

"Duka ni la nani, wewe?"

"Langu na mwenzangu. Dada, nisikilize. Kampuni yenu itakupa gari lingine, zuri zaidi. Sikukuibia wewe."

"Mama anatapikia magari ya watu wiki ya tatu sasa."

"Ni kwa muda tu. Kwani sikukusikia miaka yote? Jeupe, la kawaida, vipande vina wateja. Wewe ndiye uliyenipa akili hii."

Nilitaka kumpiga, nikaishika kaunta. Kilichoniuma hata si gari. Ni zile saa nne alizokuwa akikaa na mama, nilizomhesabia wema, kumbe alikuwa anasubiri mgonjwa alale ili aingize mkono kwenye kipochi cha dawa. Nilimwambia hivyo. Aliinamisha kichwa, hakukataa wala hakukubali.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama. Nilitaka asikie kwangu, pole pole, asije akapandwa na presha. Nilimkuta chumbani, miguu juu ya mto, anakunja khanga. Nikakaa kitandani.

"Mama, siku ile ya gari, ulilala kwenye mashine?"

"Siwezi kulala pale. Ile mashine inalia."

"Basi labda ulisinzia kidogo. Kuna mtu alichukua ufunguo kwenye kipochi chako."

Aliendelea kukunja. Alinyoosha pindo kwa kiganja, akaiweka khanga juu ya nyingine.

"Hakuchukua," alisema. "Nilimpa mwenyewe. Alinirudishia kabla mashine haijazimwa."

Nilimsikia vizuri. Hata hivyo nikamwomba arudie, naye akarudia maneno yale yale.

"Ungejua ungekataa," akaongeza. "Wewe una kazi, una jina. Mwenzako hana kitu, na mimi siku zangu unaziona. Si wewe mwenyewe uliyesema magari kama lile huibwa kila siku, hakuna atakayeshangaa?"

"Nimetia jina langu kwenye fomu ile, mama. Nitafukuzwa kazi. Leo nimesema uongo mbele ya Miwani kwa ajili ya mtoto wako."

"Basi si umeshasema," alisema, na akanishika mkono kwa upole, mkono wake wenye bendeji. "Yamekwisha, mwanangu. Kaa kimya tu."

Kumbe wote wawili waliponicheka pale mezani walikuwa wananisikiliza. Nililia mbele yake bila aibu. Yeye akanifuta uso kwa ncha ya khanga, kama mtu ambaye hakuhusika.

Ijumaa nilikodi gari, nikampeleka hospitali kama kawaida. Profesa hakutokea. Nilimkalisha mama kwenye kiti chake, nikamsubiri muuguzi amuunganishe, nikamwekea kipochi cha dawa karibu na mkono. Nilipoondoka aliniita mara moja, nikageuka, akasema nisichelewe mchana. Nikamwambia sitachelewa.

Miwani alikuwa ameshachapa maelezo. Kurasa tatu, na mahali pa sahihi ametia alama kwa penseli. Akanisogezea kalamu.

"Kuna jibu moja nataka kulibadili," nilisema.

"Lipi?"

"La mlango."

Aliishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaichukua tena kalamu. Sisi tumekula chakula cha mchana meza moja miaka yote hiyo.

"Ulikuwa na hitilafu?"

"Ulikuwa unanyanyuliwa, halafu unasukumwa kwa goti," nilisema. "Na tuliokuwa tunajua tuko watatu. Andika, nitakutajia."