Tuzo Iliyotolewa Mara Moja

Mwenyekiti wetu, Edson, ameniomba nusu ukurasa. Kijitabu cha Tuzo za Muziki za Afrika Mashariki hapa Texas kinakwenda kuchapishwa, na kila tuzo inatakiwa iwe na historia yake fupi, ya kupendeza, pamoja na picha. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo nimebebeshwa zote. Ya taarabu niliimaliza saa ya chakula cha mchana, kwenye dawati langu la mapokezi kwa daktari wa meno pale Stafford. Ya Mwimbaji Bora wa Kike wa Roki imenishinda wiki ya tatu sasa, kwa sababu imetolewa mara moja tu, na siku hiyo niliiharibu mimi. Nusu ukurasa nitampa. Haya ni yale mengine.

Tuzo hiyo ilizaliwa kwa woga. Mwaka wa kwanza kulikuwa na tuzo moja tu ya waimbaji wa kike, na kila mtu alijua ni ya Carmen, mke wa Edson, mwenye sauti ya kuungaunga na gauni la kumeta. Halafu akajiandikisha Flaviana. Flaviana ni mwanamke wa Bukoba, muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee huko Alief, hapa Houston, na alikuwa na gitaa la umeme alilolipenda kuliko wanaume wote aliowahi kuwa nao, jambo alilowaambia wenyewe usoni. Alipoimba roki yake ya Kiswahili siku ya mazoezi, Carmen aliweka chini chupa ya maji na hakuinyanyua tena. Kesho yake Edson akaleta pendekezo kwenye grupu la kamati: tuzo mpya ya roki kwa wanawake, ili dada yetu apate nafasi yake. Sote tukaunga mkono.

Tulijua tunachofanya. Kanuni yetu inasema tuzo isiyofikisha washiriki watatu haishindaniwi, inaunganishwa na ya wanaume. Na mwanamke wa kuimba roki, kuanzia Houston mpaka Dallas, alikuwa mmoja. Kila mwaka Flaviana alijiandikisha, akakosa wenzake wawili, akatupwa kwa wanaume, na Patroba, Mkenya wa Irving mwenye marafiki wa kujaza uwanja, akaondoka na ushindi. Kikombe kilichochongwa "wa Kike" kikakaa miaka saba kwenye gereji ya Edson. Barua ya kumwarifu Flaviana niliiandika mara moja. Miaka iliyofuata nilibadilisha tarehe.

Mwaka wa nane, mwezi wa sita, alinijia kazini. Alikuwa na uvimbe kwenye tezi ya shingo. Daktari alitaka kumpasua mapema, yeye akaomba operesheni isogezwe mpaka Jumanne baada ya sherehe yetu ya Septemba, kwa sababu alikuwa ameelezwa kwamba sauti inaweza isirudi. Haikurudi, niseme mapema tusisumbuane. Leo anazungumza kwa kunong'ona, na wagonjwa wake wasiosikia vizuri wanamkasirikia.

"Nataka jina langu liwe kwenye kile kikombe kabla hawajanikata," aliniambia. "Mshiriki wa pili nimempata. Wa tatu ni wewe."

Nikamwambia mimi siwezi kuimba.

"Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana nakutaka wewe."

Nilicheka naye, nikajaza fomu. Lakini neno lile liliniingia, na kila nilipopiga mswaki nililisikia upya.

Wa pili alikuwa Kethia, binti wa Kirundi wa miaka ishirini na miwili, mkazi wa mtaa wa Gulfton, Houston, mfua mashuka hotelini na mwanakwaya wa parokia. Roki hakuwahi kuigusa. Flaviana alimfundisha ndani ya gari lake, kwenye maegesho ya duka la vyakula vya Kiafrika pale Alief, vioo vimefungwa, kwa kuwa majirani wa apatimenti walikuwa wamekwisha kumshtaki kwa kelele. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na wimbo wangu wa maneno kumi na mawili. Kufikia Agosti sauti ya Kethia ilikuwa inatetemesha vioo. Nikamwambia Flaviana anamfundisha mno. Akajibu kwamba kufundisha vibaya hajui namna yake, na kuhusu kura nisiwe na wasiwasi, maana mwaka ule sherehe ilikuwa Fort Worth na Warundi wa Gulfton hawataendesha gari kwa muda wa saa nne kwa ajili ya gitaa.

Hilo ndilo kosa lake. Alisahau kwamba watu wale kabla ya kuwa wa Gulfton au wa Fort Worth walikuwa wa kambi moja ya wakimbizi, Kigoma, na waliokulia kambi moja hawaulizani nani anaishi mji gani. Jumapili ya sherehe, misa ilipokwisha tu, mabasi matatu madogo ya kanisa la Warundi wa Fort Worth yalipanga foleni mbele ya ukumbi. Mjomba wa Kethia, Macaire, alitangulia na suti ya harusi. Flaviana aliwatazama wakishuka, akakaza skafu yake shingoni.

Kwetu kila aliye ukumbini anapewa karatasi moja ya kura, washiriki nao wakiwemo. Na kwa kuwa zamani watu walituita wezi, katibu husoma matokeo yote kwenye maikrofoni, jina kwa jina, namba kwa namba. Kura zikilingana, anachukua aliyejiandikisha miaka mingi zaidi.

Nilianza mimi. Mtoto mmoja wa mstari wa pili alimwuliza mama yake kwa Kiingereza kama nilikuwa naumwa. Flaviana akafuata, na ule uvimbe ulimkwamisha kwenye noti ya juu, lakini aliisukuma mpaka ikatoka, imekwaruzwa, na ukumbi ukasimama. Kisha akaja Kethia na wimbo aliotungiwa na Flaviana, akauimba bila mkwaruzo wowote.

Nikapewa karatasi. Nilikuwa na dakika nzima ya kuandika jina moja. Nilijua hakuna binadamu atakayeniandika mimi. Nilijua nitasimama mbele ya Carmen na kusoma sifuri yangu kwa mdomo wangu. Nikajiambia kura moja haimdhuru mtu. Nikaandika langu, Joyceline.

Tulihesabu chumba cha nyuma, Edson, Patroba na mimi. Kethia sitini na moja. Flaviana sitini. Joyceline moja. Edson alihesabu tena, kisha akanitazama kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha katika miaka minane, akanikabidhi karatasi.

"Kasome, katibu."

Nikasoma. Kwenye ile moja kicheko kilianzia nyuma, kwa watu wa mabasi, kikaja mbele kikimzoa kila mtu. Sifuri ingekuwa aibu ya siku moja. Moja kila mtu aliijua ni ya nani. Flaviana peke yake hakucheka. Nilimwona akipiga hesabu: sitini na moja kwa sitini na moja, na yeye ndiye aliyejiandikisha miaka minane. Kethia alikumbatia kikombe akilia, akamshukuru Mungu, mjomba Macaire, na mama Flaviana aliyemfundisha kila kitu. Ngoma zikapigwa. Nilijichukia pale pale, nikiwa bado nimeshika maikrofoni.

Flaviana alikuwa amekuja kwa gari langu, hakuwa na la kufanya. Jua lilikuwa bado kali. Tulikuwa tumefika Corsicana, kwenye barabara ya kurudi Houston.

"Ulimpigia nani?" akauliza.

"Nilikupigia wewe, dada."

"Na ile moja?"

Nikasema watu wana utani, huenda kuna aliyetaka kuchekesha wenzake. Nikaendelea kueleza. Nilieleza kupita mji mzima, hata mimi nikaanza kuamini.

"Nyamaza, Joyceline," alisema. "Nina siku mbili za sauti. Sitaki kuzimalizia kwako."

Akanipa mgongo, akaegemea kioo, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, nyimbo zake zote, moja baada ya nyingine. Mvumo wa kiyoyozi ulikuwa unaifunika sauti yake. Nikanyoosha mkono polepole, nikakizima, nipate kumsikia.

Akanyamaza papo hapo, na hakuimba tena mpaka nilipomshusha mlangoni kwake.