Watoto wa Mgawo

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe 14 Mei, 2024, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, na kama kawaida aliyeyaharibu alikuwa amevaa suti.

Amedeus Komba hakuwa na suti. Alikuwa na guta la magurudumu matatu la kubebea magunia ya mahindi, na alikuwa na binti wa miaka mitatu, Noela. Mama wa huyo mtoto, Natalia, alifia wodini akimsubiri daktari ambaye, waliambiwa, yuko semina. Tangu hapo Amedeus hakumwamini tena mtu anayetembea na faili kwapani.

Kila asubuhi alimwacha Noela kwa Mama Kunegunda, pale pale mtaani kwao, Mfaranyaki. Mama huyu alilea watoto kumi na mmoja barazani kwake, na vyombo vyake vya kazi vilikuwa sufuria moja ya uji na sauti ya kutisha. Bila baraza ile Amedeus hakuwa na kazi. Guta halina pa kumweka mtoto.

Basi, Jumapili iliyotangulia, mwenyekiti wa mtaa, Valence, akawazuia watu walipotoka misa.

"Ndugu zangu, taifa linakusanya takwimu za vituo vya kulelea watoto. Anakuja mtu na kishikwambi, anahesabu. Sasa niwaulize. Mbolea ya ruzuku, aliyeandika ekari mbili alipata mifuko mingapi?"

"Miwili!"

"Na aliyeandika ekari kumi na mbili, wakati shamba lake kule Lusewa hata trekta haligeuki?"

Watu wakacheka, wakamtazama Bashiru, na Bashiru akatazama viatu vyake.

"Haya. Na watoto ni hivyo hivyo. Tukionekana wengi, na mgawo unakuwa mkubwa. Watatujengea kituo cha matofali, na mpishi wa uji juu!"

Amedeus, ambaye siku zote husema Valence hudanganya hata akisalimia, alipiga makofi. Alimpigia Noela, si Valence. Na alipoombwa guta lake, alilitoa.

Jumanne hiyo vituo vikawa vinne. Cha kwanza baraza ya Mama Kunegunda, ambako watoto kumi na mmoja walikuwa wameongezewa wanane wa kuokoteza. Cha pili sebule ya mwenyekiti. Cha tatu ghala la mahindi. Cha nne baa ya Otto, ambako kreti za bia zilifunikwa vitenge zikawa viti, na tangazo la supu ya mbuzi likageuzwa, nyuma yake pakaandikwa A E I O U.

Mhesabuji alikuwa binti mmoja, Dorine, mgeni kutoka mikoa ya mbali, mpole, kishikwambi amekikumbatia kama mtoto mchanga. Alimwamkia Mama Kunegunda, akahesabu watoto kumi na tisa, akaandika majina. Valence akamkaribisha chai, akamkaribisha na kiazi, akamsimulia habari za kiazi chenyewe. Huku nyuma Amedeus alikuwa anapakia watoto kwenye guta kama mikungu ya ndizi, anakata vichochoro, anawashusha sebuleni, anawabadilisha mashati.

Kituo cha tatu, Dorine akasimama.

"Mwenyekiti, huyu mtoto si nimemwona?"

"Watoto wa hapa wanafanana, dada yangu. Mahindi ni yale yale."

"Anti!" Noela akamwita kwa furaha. "Tulikuona kule! Baba kaendesha mbio!"

Valence akacheka mpaka tai ikakaa begani. "Huyu anaitwa Stumai. Muongo huyo! Kamrithi bibi yake."

Dorine alimtazama Noela, akatazama saa. Alikuwa na vituo arobaini vya kumaliza kabla ya Ijumaa. "Mimi naandika ninachokiona," akasema. "Kishikwambi hiki hakina swali la kama mtoto nimeshamwona." Akaandika Stumai. Kwenye baa ya Otto akaandika Rosemary.

Julai walikuja wengine, nao wana mafaili. Vituo vyote sasa vilikuwa kwenye orodha, kwa hiyo vilipaswa kukaguliwa. Mama Kunegunda alikutwa hana cheti, hana mtungi wa kuzimia moto, na choo chake hakina mlango mfupi wa mtoto. Akafungiwa. Vile vitatu havikufungiwa. Vyenyewe vilikuwa vimeshajifunga saa kumi jioni ya siku ile ile.

"Nimelea miaka tisa sijaandikwa popote, sikuua mtoto," mama yule alimwambia Amedeus akikausha machozi kwa upindo wa khanga. "Nimeandikwa siku moja tu, baba Noela, wamenimaliza."

Novemba kukawa na kongamano la matokeo ya hesabu ile. Mheshimiwa mmoja alisimama mbele ya chati. "Mtaa huu una watoto wadogo hamsini na wanane, na waliomo vituoni ni sabini na sita. Hongereni sana! Mmevuka lengo. Kituo cha matofali tumewapa wenzenu wa Ruhuwiko, waliokutwa hawana hata kimoja."

Watu walipiga makofi kabla hawajasikia vizuri. Valence alipiga ya mwisho, taratibu, kama anayeua mbu.

Amedeus akasimama. Noela alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa kitenge cha Natalia, na wanaume wa nyuma wakaanza.

"Mama Noela, kaa chini, utamwamsha!"

Hakukaa. Asubuhi hiyo alikuwa amekosa kazi ya tatu kwa wiki. Tajiri wa mahindi alimwambia hapakii magunia kwa mtu mwenye mtoto mgongoni. Alijua pia kwamba akisema, guta lililobeba watoto litajulikana ni la nani. Akasema hivyo hivyo. Mheshimiwa akafunika kalamu yake, Valence akapokea simu ambayo haikuita, na Dorine, aliyekaa kiti cha pembeni, akainamia kishikwambi chake kana kwamba jibu limo humo. Maneno yake yalikuwa haya:

"Mheshimiwa, kwenye chati yako binti yangu yumo mara nne, na mara zote nne ana mlezi. Huyu wa mgongoni, ambaye hana, mlimhesabu wapi?"