Sanda Iliyokatwa Pembetatu

Jumapili hiyo, Nice alikuwa amejiinamia mezani akijisifu peke yake kama kuku aliyetaga. Alikuwa na haki. Kila Jumamosi, Sauda, fundi cherehani wa Nyakanazi, aliwatumia wanawake wa kundi lake hatua moja tu ya blanketi la viraka kwa simu: kata hivi, unganisha hivi, basi. Picha itakayotokea mwisho aliijua yeye peke yake, na ukimwuliza anacheka. Hatua zilikuwa sita. Nice, huko kwake Kasulo, alikuwa ameshamaliza ya tano.

Ile ya nne ndiyo iliyotaka kitambaa cheupe, naye hakuwa nacho. Lakini mama mkwe wake, Bonifasia, aliyelazwa hospitali Biharamulo wiki ya tatu sasa, alikuwa amemwachia ufunguo wa sanduku atoe mashuka wageni wakija. Chini kabisa ya mashuka palikuwa na kitambaa cheupe cha marekani, kipya, kimekunjwa vizuri, kina msalaba mdogo wa uzi mwekundu pembeni. Nice akadhani ni masalio ya gauni la komunyo ya kwanza la binti yake, Ineza. Wewe ungedhani nini? Akachukua mkasi.

Sasa, Jumapili hiyo akiwa bado mezani, simu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kesho tunarudi. Daktari kasema nikapumzike nyumbani." Sauti ya Bonifasia ilikuwa imekonda, ila ukali ulikuwa uleule. "Fungua sanduku, toa ile nguo nyeupe ya chini. Uifue, uianike kivulini."

"Nguo gani, Mama?"

"Sanda yangu, we mtoto! Niliinunua Kabanga kwa maharage yangu mwenyewe, padri akaibariki. Ulidhani mimi nitazikwa na nguo ya kuazima?"

Nice akakaa sakafuni. Yesu na Maria! Alitazama juu mezani. Sanda ya mama mkwe wake ilikuwa pembetatu thelathini na mbili, zimebanwa katikati ya vitenge vya njano na bluu, na msalaba umeangukia kwenye kiraka kimoja upande wa kushoto. Akaanza kufumua kwa kiwembe, kisha akaacha. Angefumua, halafu? Kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Akampigia Sauda.

"Inna lillahi!" Sauda alipiga kelele. "Umekata sanda ya mtu aliye hai?"

"Dada Sauda, ninunue nyingine, nishone msalaba, asijue?"

"Na baraka ya padri wenu utaishona kwa uzi gani? Mwambie, Nice. Akifa na kinyongo na wewe, utakwenda kumwomba radhi wapi?"

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Bonifasia ndiye aliyempokea akiwa bibi harusi asiyejua hata kupika ugali wa muhogo. Alimkaripia miaka kumi na miwili na kumlea miaka hiyo hiyo.

Jumatatu, mumewe, Thobias, alimbeba mama yake mgongoni kutoka barabarani. Akamlaza, akamvuta mkewe jikoni. "Daktari kaniambia wiki hii haimalizi," alisema, akageukia ukutani.

Nice alirudi chumbani akapiga magoti. Alisema yote, bila kupamba. Thobias, aliyekuwa mlangoni, akashika kichwa. "Umemkata mama yangu!"

Bonifasia akanyoosha mkono. "Lilete hilo blanketi."

Wakalitandaza juu yake. Akalipapasa mpaka kidole kikafika kwenye msalaba mwekundu, kikatulia hapo.

"Hiki ni kitu gani?"

"Sijui, Mama."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua, isipokuwa Sauda. Jumamosi anatuma hatua ya mwisho."

"Yaani umekata sanda yangu kushonea kitu usichokijua!"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Sasa, Bonifasia alikuwa mtu ambaye ukimtegea kitendawili asubuhi, hali chakula mpaka akitegue. Alikodolea macho zile pembetatu. "Ni nyota," alisema. "Hapana, nyota haina mkia." Akapumua kwa shida. "Nikijua ni nini, ndipo nitajua kama nakusamehe. Siyo kabla. Jumamosi siyo mbali."

Jumanne akasema ni ndege. Jumatano akaomba uji, akaumaliza, akasema ni mgomba. Alhamisi akataka aketishwe aone vizuri. Ijumaa Thobias alimkuta mama yake akigombana na Ineza kama kile ni kinyonga au siyo, akaja jikoni amepigwa na butwaa: huyu ndiye wa kutomaliza wiki?

Nice alitoka nyuma ya nyumba na simu.

"Dada Sauda, imebaki hatua moja?"

"Moja tu. Kesho atajua, na wewe utapata radhi yako, inshallah."

"Usiitume. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu, ongeza nyingine."

"Una wazimu? Na radhi je?"

"Ingoje. Akishajua, atasubiri nini tena?"

Simu ikakatika.

Jumamosi mchana, sauti ya Sauda ikasikika kitandani kwa Bonifasia, simu ikiwa imewekwa juu ya blanketi: "Akina mama, mnisamehe, nilikosea hesabu. Zimebaki hatua kumi na mbili. Leo tunaanza ukingo wa kijani."

"Kumi na mbili!" Bonifasia alifoka, akajiinua mwenyewe kwa viwiko. "Huyu mwanamke wa Nyakanazi ana roho mbaya! Na wewe usidhani nimekusamehe. Umekaa tu unalia nini? Lete sindano."