Maji ya Udhu kwenye Waridi la Jangwani

Bi Mwanne, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Gongoni, anasema ua langu nimeliua mwenyewe kwa ubahili wa maji. Anamsimulia kila anayekuja kununua maandazi yake. Eti alichungulia juu ya ukuta asubuhi ya kipupwe, akanikuta nimeinama na kisu, nalikata waridi langu la jangwani vipandevipande huku nanung'unika, na jani hata moja halina.

"Ua la watu lina kiu mpaka limenyong'onyea, yeye analichinja," anasema. "Kama si yule mzee mkwewe kulimwagia maji kila sala, lingekufa zamani. Watoto wa Usoke hao! Kwao ni tumbaku tu, maua watayajulia wapi?"

Kweli kisu nilikuwa nacho. Kunung'unika pia ni kweli. Mengine yote kayasimamisha kichwa chini miguu juu, na mimi siwezi kuyageuza bila kumtaja baba mkwe.

Ua lile lilikuwa la marehemu mama. Alilipanda kwa mbegu mimi bado mdogo, shina likavimba chini kama chungu, maana ndimo linamoweka maji yake. Mama alipofariki, dada zangu waligawana kanga na vyombo. Mimi nikaomba ua. Nilipoolewa nililipakata kwenye treni kutoka Usoke njia nzima, abiria wakinitania kwamba nimebeba mtoto mwenye kitambi. Nassibu, mume wangu, akalipanda pembeni mwa mlango wetu, hapa nyumbani kwa wazazi wake. Kitu kingine cha mama sina.

Getini tulilikuta bogenvilia la mama mkwe. Ukiyatazama hayo mawili utadhani ni ndugu, kwa jinsi yanavyolivumilia jua la Tabora wakati sisi wenyewe tunatafuta kivuli. Lakini malezi yao ni mbalimbali. Bogenvilia likishashika mizizi halina shida na mtu. Ukilizidishia maji halifi, linakunenepea tu majani na miiba, maua linakunyima. Linataka likatwe likimaliza kuchanua, kisha liachwe na kiu kidogo, ndipo litoe rangi. Waridi la jangwani linataka mchanga, linataka jua, na maji linayataka wakati lina majani. Likipukutisha majani wakati wa kipupwe, limelala. Liache. Ukilinywesha limelala linaoza kuanzia chini, na wewe unayeangalia juu huoni kitu.

Sasa baba mkwe, Mzee Awadhi, miaka yote alikuwa anatawadhia kwenye bogenvilia. Hapendi maji ya udhu yaishie kwenye mfereji wa maji machafu. Anasema maji yaliyougusa uso kwa ajili ya sala yaangukie kitu chenye uhai. Basi kila sala anabeba birika lake na kigoda, anakaa pale, anatawadha taratibu, hana haraka.

Majani ya ua langu yalipopukutika akaliona. Nilimsikia akimwambia mama mkwe, "Ua la mkamwana wetu linakufa kiu na sisi tunaliangalia. Mtoto wa watu kaja na kumbukumbu moja tu ya mamake." Akahamisha kigoda. Akakiweka mlangoni kwetu.

Alifanya kwa kunipenda. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Na hapa kwetu mkamwana hasemezani na baba mkwe ovyo. Unamwamkia, unamtengea chakula, unaondoka. Neno zito linapita kwa mume. Nikalipitisha kwa mume.

"Mwambie baba arudi kwenye bogenvilia."

"Nimwambie nini?" Nassibu akaniuliza. "Kwamba udhu wake unaua maua?"

"Mwambie ua limelala."

Akacheka. "Shamila, ua linalala? Umelipa mto?"

"Nassibu, shina limeanza kubonyea."

"Haya, nitamwambia."

Hakumwambia. Nikamkumbusha, akasema nitamwambia. Nikamkumbusha tena, akasema mke wangu una haraka, hilo ni ua tu. Na birika linakuja, alfajiri linakuja, adhuhuri linakuja, na mimi niko dirishani nasikia maji yanavyodondoka, naona udongo ulivyoloa.

Huku nyuma bogenvilia, lililoachwa na kiu yake, likachanua. Likawa jekundu mpaka wapita njia wanasimama na simu zao kulipiga picha. Mama mkwe akasema ni baraka za udhu wa miaka yote, sasa ndiyo zimejibu. Bi Mwanne akapaza sauti ukutani, "Limeona wivu! Limeona mzee kahamia kwa bibi harusi!" Watu wakacheka. Mimi nilitaka kusema, nikabaki na sufuria yangu.

Asubuhi ile ya kisu nililibonyeza shina, kidole kikazama. Harufu yake ilikuwa kama ya muhogo uliovundikwa. Nikakata tawi, ndani ni kahawia. Nikakata lingine, kahawia. Tawi moja tu la upande wa ukuta ndilo lilikuwa na nyama nyeupe, safi. Nikanawa mikono kwa sabuni, maana utomvu wake ni sumu, nikalilaza tawi kivulini mpaka kidonda chake kikakauka. Halafu nikalipanda kwenye ndoo kuukuu niliyoitoboa chini, mchanga mkavu mtupu, nikaificha nyuma ya jiko ambako hapiti mtu.

Leo baba mkwe amepita. Nimemsikia akimwita mama mkwe kwa furaha, kama aliyeokota kitu, "Alhamdulillahi, kumbe kipande kimepona! Masikini, kamekauka, hebu ona."

Alasiri kigoda kikaja nyuma ya jiko.

Nassibu alikuwa palepale, anapiga randa mguu wa meza. Nilimtazama. Alijua ninachomtazamia. Akainamia randa yake kama vile ule mguu wa meza umemwita jina.

Basi nikafuta mikono kwenye kanga, nikapiga magoti pembeni ya ndoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anapandisha mikono ya kanzu.

"Baba, nina ombi."

Akasimamisha mkono. Randa ya Nassibu nayo ikanyamaza. Juu ya ukuta kilemba cha Bi Mwanne kikachomoza.

"Naomba udhu wako uurudishe kwenye bogenvilia. Lile hata likinywa halifi. Hiki sasa hivi kikipata maji kitaoza kama kile kikubwa. Si kiu iliyokiua kile kikubwa, baba. Na hiki ndicho kilichobaki cha mama. Naomba kikae kikavu mpaka kitoe majani."

Baba mkwe hakunitazama. Alikitazama kile kijiti ndani ya mchanga, akaligeukia bogenvilia kule getini, jekundu lote tangu alipoliacha na kiu, akarudisha macho kwenye birika mkononi mwake. Adhana ya alasiri ikaanza. Birika lilikuwa limekwisha kuinama, maji yamefika mdomoni.

"Baba?" nikasema.