Funda la Mwenye Mji

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1953, saa saba kasorobo mchana, jua likiwa limechomoza kwa ukali baada ya manyunyu ya asubuhi, mtungi wa pombe ya mtama ulitolewa nyumbani kwa Mihayo na kuwekwa mbele ya wanaume waliokuwa wametoka kumlimia matuta.

Mihayo alikaa kando, mikono juu ya mpini wa jembe, amechoka uchovu usioondolewa na usingizi. Tangu aachishwe kazi mgodini Geita kwa sababu ya ulevi, alikuwa akijifunza kuishi upya. Alfajiri, saa ambayo koo lake lilizoea kudai moshi, ile pombe kali ya magendo, alishika jembe. Jioni, wenzake walipoelekea kilabuni, alikwenda kisimani kuchota maji. Hakuonja raha yoyote humo. Ilikuwa kazi tu, tena isiyo na Jumapili.

"Baba Melania," Maduhu, kiongozi wa wakulima wale, alimwita Mihayo kwa jina la mwanawe, "sogea utuondolee sumu. Makoo yamekauka!"

Ndiyo desturi: mwenye mji hunywa funda la kwanza mbele ya macho ya watu, ili wajue hawakutegewa sumu. Paskazia, mkewe, alipika pombe ile kwa kuwa jasho la wakulima halilipwi kwa maji. Lakini katika kuhangaikia mtungi, mume na mke walilisahau funda lile.

Maduhu alimnyooshea kata iliyojaa. Harufu ilimpanda Mihayo puani, mate yakamjaa kinywani. Funda moja, nani angemlaumu? Lakini alijijua. Kwake hapakuwa na funda moja.

"Sinywi."

"Hanywi!" Januari, mmoja wa wakulima, aliangua kicheko. "Juzijuzi alikuwa akilamba hata kibuyu kitupu, leo amekuwa padri!"

"Nitaonja mimi," alisema Paskazia.

"La, shemeji. Mwenye mji ni yeye." Maduhu hakuwa akicheka tena. "Mihayo, tumekulimia tangu alfajiri. Kunywa, au utuambie umetia nini humu."

"Kuna mtama wangu wote humo. Lakini nikinywa hilo funda, kesho mtaniokota mtaroni. Niiteni mchawi mkitaka. Jasho lenu nitalilipa kwa jembe."

"Jembe linalewesha?" aliuliza Januari, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wakaondoka na kiu yao. Paskazia aliimwaga pombe yote jaani, maana mtungi uliojaa usingeweza kulala nyumba moja na mumewe. Kuku waliodonoa machicha walipepesuka hadi jioni.

Jumatatu, kabla ya mapambazuko, Mihayo aliingia shambani kwa Maduhu akalima, bila wimbo wala mwenzi. Akaenda kwa Januari, kisha kwa wengine, mmoja baada ya mwingine. Viganja vilipasuka. Zipo asubuhi alizolima huku akilia, si kwa toba, bali kwa kiu.

Mihayo alipomaliza shamba la mwisho, Maduhu alikuja akayakagua matuta polepole, akiyakanyaga kingo kupima uimara wake.

"Wenzangu wanasema pombe ya kwako hawatainywa tena maishani."

"Wala mimi."

Maduhu aliitazama mikono ya Mihayo iliyopasuka.

"Basi. Jembe kwa jembe. Hatukudai tena."