Kicheko cha Fuatino Ndani ya Popo

Jumapili, watu walipotoka kanisani na magimbi yakiwa bado yanafuka moshi mezani, Litara aliwasha kompyuta sebuleni ili auhakiki mchezo wa watoto. Yeye ndiye mwenye ukurasa wa watoto katika gazeti moja la Apia, na mhariri alitaka maneno machache tu: mchezo umetokana na filamu gani ya katuni, unafaa umri gani, alama ngapi kati ya kumi. Filamu ilikuwa ile ya popo mnene anayeiba mashelisheli. Kila mtoto alikuwa ameiona, na ambaye hakuiona alikuwa amesimuliwa mpaka akaichoka.

Nyumba ilikuwa imejaa, kama kawaida yake. Kwanza jina la kampuni lilitokea kwenye kioo, kubwa, la dhahabu, likazunguka polepole. Litara alibonyeza kila kitufe. Jina halikuondoka mpaka liliporidhika lenyewe. Kisha popo akaingia. Litara akabonyeza kitufe kirefu, popo akang'ata shelisheli, na kicheko cha Shangazi Fuatino kikatoka kwenye spika, kikapita juu ya meza na kuangusha kifuniko cha sufuria, kama kilivyozoea zamani.

"Kumbe kiko hapo," alisema Fuatino, akiendelea kumenya ndizi. "Nilikuwa najiuliza kiliishia wapi."

"Kimenenepa," alisema mdogo wake, Tavita. "Wanakilisha vizuri huko."

Miaka miwili nyuma, watengenezaji wa filamu walikuja kutafuta sauti. Walilishwa, wakalazwa kwenye mikeka ya wakubwa. Mmoja wao akasema hajapata kusikia kicheko kizuri kama cha Fuatino. Sasa kwetu mgeni akikisifia kitu chako, utafanyaje? Unampa. Wao walidhani wanarekodi. Fuatino alikuwa anatoa. Wala hakutoa kipande, maana nani aliwahi kumzawadia mgeni mkeka akamkatia nusu? Majirani walisema alitaka tu kujionyesha. Tangu siku hiyo, akichekeshwa, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, sauti hakuna. Wasiomjua humpiga mgongoni wakidhani amepaliwa.

Aliyeumia zaidi ni Tavita. Yeye ni mchekeshaji wa ukumbi wa kanisa, na watu wa mtaa ule hawacheki mpaka Fuatino aanze. Ni heshima tu, kama vile hawagusi chakula kabla mchungaji hajaomba. Mwaka uliopita alichekesha jioni nzima, watu wakakaa kama wako msibani, na wengine wakampa pole mlangoni. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yake tena. Alikwisha kuapa kwamba wakinyamaza tena, anaacha kuchekesha na kubaki na ng'ombe wake.

"Hebu sogea, mwanangu," Fuatino alimwambia Litara, akaweka mdomo wazi mbele ya spika.

Litara akabonyeza. Kicheko kikamwingia, kikateremka mpaka tumboni, watu wakakiona kinavyozunguka chini ya gauni. Litara alipoachia kitufe, kikatoka, kikarudi kwa popo.

"Kinaingia ila hakilali," alisema Fuatino. "Kama mume wa Pisila."

"Jamani, mimi nipo hapa," alisema Pisila, jirani yao, sahani mkononi.

"Nakuona, shoga. Ndiyo maana nimepaza sauti."

Litara aliiandikia kampuni kuomba kicheko kirudishwe. Jibu lilikuwa la adabu sana. Walifurahi kwamba shangazi ameupenda mchezo. Kicheko ni mali ya kampuni katika nchi zote, na katika sayari zitakazogunduliwa baadaye. Waliambatanisha picha ya popo ya kupaka rangi. Fuatino aliipaka rangi vizuri, akaibandika kwenye friji.

Ijumaa uhakiki ukatoka. "Popo hukwama ukutani bila sababu. Mtoto wa miaka sita ataumaliza mchezo kabla wali haujaiva. Jina la kampuni mwanzoni linakaa mno, wala halirukiki. Kicheko ni kizuri kuliko mchezo wenyewe. Saba kati ya kumi." Sentensi iliyosema kicheko ni cha nani, mhariri aliiondoa ili kupisha tangazo la mabati.

Jumamosi waliibeba kompyuta mpaka ukumbini, wakaiketisha kwenye kiti kando ya Fuatino. Tavita akaanza na ile ya shemasi aliyefukuzwa na nguruwe. Mabega ya Fuatino yakatikisika, Litara akabonyeza, na ukumbi ukapasuka. Paa lilijibu. Mchungaji alishika mbavu.

"Tavita, fupisha!" Fuatino akaita, akichungulia kioo. "Yamebaki mashelisheli matatu!"

Tavita, ambaye hajafupisha kitu tangu azaliwe, alijitahidi, lakini shelisheli la mwisho liliisha shemasi akiwa bado juu ya mti. Kicheko kikakatika. Watu nao wakanyamaza, kwa heshima.

"Anzisha upya, mwanangu," alisema Fuatino.

Litara akaanzisha. Jina la kampuni likatokea, kubwa, la dhahabu, likaanza kuzunguka polepole. Tavita alibaki jukwaani, mguu mmoja juu, kama shemasi. Ukumbi mzima, pamoja na mchungaji, uliweka mikono mapajani, ukalitazama jina, ukingoja liridhike. Mabega ya Fuatino yalikuwa yamekwisha kuanza kutikisika.