Kamati ya Kuchunguza Ua la Altare

Majani ya ua la altare yalianza kukauka kingoni kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, na kabla mtu hajauliza ua linaumwa nini, parokia nzima ilikuwa inauliza nani ana dhambi.

Ufunguo wa sakristia, chumba cha vifaa vya Misa, ulikuwa kwa Joviana, mjane. Tangu mumewe azikwe, kazi ile ndiyo iliyompa sababu ya kuamka: kupiga pasi vitambaa, kufuta vumbi, kutunza ua. Ua lenyewe alipewa na Hemlata, mke wa Laxmidas mwenye duka la vitambaa kule Bukoba, walipokuwa wakifunga mizigo baada ya nyumba yao kutaifishwa. Lilikuwa ua la ndani, la majani mapana yenye michirizi myeupe, limepandwa kwenye debe la samli. "Ulitie maji kidogo tu, Mama," Hemlata alimwambia. "Halipendi kusumbuliwa." Joviana akalipakata ndani ya basi mpaka Muleba, akaliweka mbele ya altare.

Sasa Klaudia, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, alisimama mbele ya ua baada ya Misa, mikono kaifunga kifuani.

"Ua la altare halikauki bure, waitu, wenzangu. Linaona tusiyoyaona. Anayeligusa kila siku ajichunguze."

"Anayeligusa ni mimi," Joviana alisema.

"Sijataja mtu."

"Hukutaja, lakini umenitazama."

"Macho ni ya kutazamia, dada."

Rugaibula, balozi wa nyumba kumi, naye ua lilimkosesha raha, kwa sababu zake. Mkuu wa wilaya alikuwa anakuja kufungua duka la kijiji cha ujamaa, na Rugaibula alikwisha kuliazima ua kwa Padre ili likae juu ya meza ya mgeni. Hakutaka mgeni aulize, kijiji kilichoshindwa na ua moja kitaliweza vipi shamba la pamoja. Akaunda kamati. Wakati ule hata kuku akipotea iliundwa kamati.

Kamati ikamwita Datius, bwana shamba. Datius aligeuza jani moja moja, akatazama upande wa chini wanakojificha vidukari, akachungulia kwenye vikonyo kama kuna utando wa utitiri, akafukua udongo kidogo kutafuta funza.

"Simwoni mdudu," alisema. "Jani halijatobolewa wala halijanyonywa."

"Mdudu anayeonekana si hatari," Rugaibula alisema. "Andika kuna mnyonyaji, bado anasakwa."

"Ndugu Balozi, nitamwandikaje mdudu nisiyemwona?"

"Ubepari umewahi kuuona kwa macho? Mbona tunaupiga vita?"

Datius alikuwa na watoto wa kusomesha na ajira ya serikali. Akaandika.

Ikaazimiwa kwamba Jumapili, mbele ya Padre, kama mdudu atakuwa hajapatikana, ufunguo wa sakristia utatoka kwa Joviana uende kwa mtu mwenye mikono safi. Klaudia akaitazama mikono yake.

Joviana alichukua rozari akaingia kanisani mchana, watu wakiwa migombani, akaketi nyuma ya nguzo mahali ambapo mtu anayetoka juani hakuoni. Hajamaliza fumbo la pili, Klaudia akaingia. Alichota kikombe kwenye chombo cha maji ya baraka pale mlangoni, akalinyunyizia ua kwa ishara ya msalaba, yaliyobaki akayamimina kwenye debe.

"Ulizaliwa nyumba isiyobatizwa," aliliambia ua, kwa upole ambao Joviana hakuwahi kuusikia kwake, "lakini sasa wewe ni wetu."

Akatoka. Mara akaja Rugaibula, yule aliyezoea kusema mikutanoni kwamba dini na siasa zisichanganywe. Alitoa chupa mfukoni mwa koti, akaijaza palepale mlangoni, akaimimina yote kwenye debe, akapiga goti haraka kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akaenda zake.

Joviana alisogea. Kwenye kingo za debe kulikuwa na ukoko mweupe. Akaugusa kwa kidole, akaonja. Chumvi. Padre Projestus alikuwa mtu wa mambo ya zamani; akibariki maji bado alitia chumvi, tena kwa ukarimu. Na debe halikuwa na tundu chini; chumvi yote ilibaki humo. Uso ukamwasha Joviana, maana yeye mwenyewe, tangu jani la kwanza kubadilika, kila asubuhi aliliongezea kikombe cha maji hayohayo. Kadiri ua lilivyoungua walilibariki, na kadiri walivyolibariki likaungua.

Akisema maji ya baraka ndiyo yanayoliua, ataambiwa amekufuru. Akinyamaza, ufunguo umekwenda. Rozari aliimaliza bila kujua amepita wapi.

Jumapili, baada ya Misa, kamati ilikaa kwenye benchi la mbele, meza ndogo mbele yao.

"Mmempata mdudu?" Padre aliuliza.

"Anasakwa, Padre," Rugaibula alijibu.

Joviana akasimama. "Padre, ua limeungua kwa chumvi. Nimekuwa nikilitia maji ya baraka. Nilidhani nalitibu."

Klaudia akatazama dari. Rugaibula akainama kutafuta kitu sakafuni.

"Wewe peke yako?"

"Nimesema la kwangu, Padre. Ya wengine wanayo wenyewe."

Padre akaonja udongo, akakunja uso. "Wenye dhambi ni nyinyi. Ua lilikosa nini?"

"Basi mhusika amekiri," Rugaibula alisema, akiinuka kutoka sakafuni. "Azimio linasema ufunguo uende kwa Mama Klaudia."

Joviana akauweka ufunguo mezani. Klaudia akauchukua, akaugeuza huku na huku. Joviana alikuwa anamtazama, bila hasira. Padre alivua stola shingoni, akaikunja, ndipo Klaudia akaurudisha ufunguo mezani.

"Magoti yangu, Padre. Ile ngazi ya sakristia siiwezi."

"Sakristia haina ngazi," Datius alisema.

"Basi kizingiti."

Rugaibula alitangaza kwamba kamati imeridhika, na kwamba mgeni atawekewa mkungu wa ndizi mezani, maana ndizi ndiyo alama halisi ya kujitegemea.

Joviana akachukua ufunguo wake. Alilitoa ua, akaosha mizizi kwa maji ya mvua, akatoboa debe kwa msumari. Ule udongo uliobarikiwa haukuwa takataka ya kumwaga popote. Ilibidi uzikwe nyuma ya kanisa. Alipofika huko na ndoo alimkuta Klaudia amepiga magoti, ameshika jembe, shimo likiwa nusu.

"Usikaribie migomba, waitu," Joviana alimwambia. "Chumvi hiyo."

"Najua," Klaudia alisema, akaendelea kuchimba.